Waliozaliwa Tarehe Moja, Mwezi wa Kwanza

Kazi yangu ilikuwa kuzua watu. Nikisema hivyo kwenye harusi watu hucheka, wanadhani natania, lakini ndiyo kazi yenyewe. Mtu akitengeneza mfumo wa kwenye mtandao, mimi ndiye ninayeuliza: wakiingia watu elfu kwa mpigo utasimama, au utalala chali? Na kwa kuwa huwezi kuwakusanya watu elfu chumbani ukawaambia haya, bonyezeni, basi unawatengeneza. Naandika maagizo, kompyuta inajifanya mtu mmoja, kisha kumi, kisha elfu. Kila mmoja anaingia, anajaza jina, anabonyeza, anasubiri jibu, anatoka. Mimi nakaa pembeni naangalia mfumo unaanzia wapi kuhema.

Niliipenda kazi hiyo. Siku hizi nikiikumbuka napatwa na kinyaa, kile cha kweli, cha kooni, kama mtu aliyeng'ata embe akakuta nusu ya funza. Watu huniuliza kwa nini niliacha kazi nzuri ya kukaa kitini. Nawajibu nilichoka. Uongo mtupu. Sikuchoka hata kidogo.

Ofisi yetu ilikuwa Mtwara mjini, ghorofani, juu ya fundi wa mafriji. Chumba kimoja, dirisha halifunguki, kinanuka chipsi za jana. Bosi wangu alikuwa mtu wa kuja, viatu vinang'aa hata mvua ikinyesha, na alikuwa na tabia iliyonichefua tangu wiki ya kwanza: anatafuna korosho za kukaanga, yale maganda membamba anayatemea kwenye kikombe cha chai, kisha kikombe anakiacha juu ya meza yangu. Siku ya kwanza nilidhani amesahau. Khaa! Alikuwa hasahau. Nilikuwa nakiosha mimi.

Tukapata kazi ya mfumo wa salfa. Asiyejua mikorosho nimweleze: salfa ni ule unga wa njano unaopulizwa kwenye mikorosho inapotoa maua. Usipopuliza, unaingia ubwiriunga, ukungu mweupe unaoyakamata maua mpaka yanakauka meusi yakiwa mtini. Maua yakishakauka, huna msimu. Hakuna cha kurudia, hakuna cha kubembeleza, unangoja mwaka mwingine. Na salfa ina siku zake. Ya kuchelewa ni vumbi tu.

Mama yangu yuko kijijini, Mpapura, na ana mikorosho yake aliyoachiwa na wajomba zake. Anaishi kwa hiyo. Mimi namtumia hela ya sabuni na sukari, najisifu namtunza mama, lakini anayemlisha ni mkorosho. Msimu ule salfa haikuuzwa dukani, si mjini, si Mikindani. Yote ilipitia maghala ya vyama vya msingi vya ushirika vijijini, na ya kila mkulima ilitoka kwa mfumo wetu. Makarani walikuwa wameshapita vijijini na vishikwambi vyao, wameandika majina, kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, wamechukua alama ya kidole gumba cha kulia. Siku ya mgao mkulima anaweka kidole, taa ya kijani inawaka, anabeba mfuko wake. Na hakuna kuchukuliana. Hilo tulilijenga kwa makusudi, ili wajanja wasibebe salfa za wazee. Nililisifia mwenyewe kwenye kikao, kwa mdomo huu huu.

Ilibaki kupima. Siku ya mgao vijiji vyote vingefungua asubuhi moja, makarani wote wangeingia kwa pamoja, kwa hiyo ilibidi nizue wakulima niwamwage mle ndani kabla ya hao wa kweli. Utaratibu wa kazi unasema unatengeneza pacha wa mfumo, unampima pacha, yule wa kweli humgusi. Nikamwambia bosi tunahitaji seva ya pili.

"Ya nini?" akasema, huku anatema. "Si upime humo humo, ukimaliza ufute."

"Humo humo mna watu, bosi. Wameshaandikishwa."

"Dada, wewe si mtaalamu? Weka alama kwa watu wako. Ukimaliza wafute wenye alama. Kuna ugumu gani hapo?"

Nilibishana naye muda wa kunywa chai. Ilipopoa nikawa nimekubali. Hilo nalisema mapema, nisije nikaonekana hapa nilikuwa mnyonge ninayeonewa. Nilijua si sawa, nikafanya, kwa sababu ya uvivu wa kugombana.

Alama ipi sasa? Nilitaka kuwaita Jaribio la Kwanza, Jaribio la Pili, hivyo. Bosi akakataa, kwa sababu wageni kutoka kwa waliotupa kazi wangekuja kutazama, na alitaka skrini ionyeshe majina ya kueleweka, ya watu wa huku. Namba za vitambulisho mfumo ulikuwa unazikagua, siwezi kuzichezea. Ikabaki tarehe ya kuzaliwa. Nikawapa wote tarehe moja, mwezi wa kwanza. Nikajiona mjanja kweli, nikajisemea, nani anazaliwa siku ya mwaka mpya? Wakiwepo watakuwa wawili, watatu.

Mimi nimezaliwa Mpapura! Nimekulia kwenye nyumba ambayo ukimuuliza mtu mzima alizaliwa lini anakwambia ule mwaka wa nguruwe kumaliza mihogo, au siku bibi fulani alipotoka unyago. Nimewahi kusimama na wazee mbele ya meza za kuandikisha, nimemsikia mwandishi akiuliza tarehe, mzee anatazama juu, mwandishi anachoka, anaandika tarehe moja, mwezi wa kwanza, anasema tuendelee. Kila mahali wanaandika hiyo. Wazee wa huku wote wamezaliwa siku moja, kwenye makaratasi. Nilikuwa nalijua hilo tangu nina meno ya utoto, na nilikaa kwenye kiti cha kuzunguka nikalisahau. Sijui nikwambieje. Nikilikumbuka natamani kujitemea mate.

Basi, nikapima. Nikazua wakulima elfu tatu kamili. Kwanza nikawaingiza mia, mfumo haukutikisika. Mia tano, ukaanza kujikongoja. Walipofika elfu moja ukaganda, skrini nyeupe, bosi akashika kichwa. Tukarekebisha siku mbili, nikawaleta tena, na mara hii wakaingia wote elfu tatu na mfumo ukasimama wima. Wageni wakaja, wakanywa soda, wakaona majina yanapita kwenye skrini, wakapiga makofi. Wakulima wangu walikuwa watu safi. Hawapigi chafya, hawasahau namba, hawaulizi kitu mara mbili. Kidole hawakuhitaji, maana hawana vidole. Niliwafungulia njia ya pembeni wakapita bila kuguswa, kisha nikaifunga njia ile isije ikatumiwa na mtu yeyote.

Wageni walipoondoka nikaandika mstari mmoja: wafute wote waliozaliwa tarehe moja, mwezi wa kwanza. Jibu likaja palepale, pamoja na idadi. Idadi ilizidi ya kwangu. Nilizua elfu tatu, waliofutwa walikuwa elfu tatu mia nne na kitu.

Niliiona. Hapo sina wa kumsingizia. Niliiangalia ile namba kwa macho yangu mawili, nikajiambia labda ile raundi iliyoganda iliacha wengine nyuma. Njaa ilikuwa inauma. Nikafunga kompyuta, nikateremka kwenda kula pweza.

Siku ya mgao bosi alinipigia kabla sijamaliza kunywa uji. Malalamiko yanatoka vijijini, yeye yuko na wageni, nikimbie nikaone, nianze na Mpapura kwa sababu ni kwetu, nitaelewana nao. Nikachukua pikipiki.

Pale ghalani watu walikuwa wamejigawa wenyewe. Upande wa mlango vijana na watu wa makamo, wanaingia, wanatoka na mifuko begani. Upande wa bomba la maji wazee, wengi, wamechuchumaa. Karani, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, akanivuta pembeni.

"Afadhali umekuja. Hawa wadogo wanasomeka wote. Wazee hasomeki hata mmoja. Naweka kitambulisho, mfumo unasema hayupo. Nimemwandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, unaniambia hayupo!"

Sikuhitaji kufungua kompyuta. Ile mia nne na kitu ilikuwa imechuchumaa mbele yangu, si yote, ila fungu lake la Mpapura, na nilikuwa nawajua kwa sura.

Kisha nikaona wanachofanya pale bombani. Walikuwa wanasugua vidole. Mmoja ana kipande cha limau, mwingine anachota mchanga, mwingine sabuni ya kufulia, wanapokezana, wanasugua gumba la kulia, wanalisuuza, wanalitazama juani. Hao ni watu waliobangua korosho kwa mikono miaka yote, mafuta ya ganda yakawababua ncha za vidole mpaka zikawa laini. Walipokwenda kusajili laini za simu mashine iliwakataa. Kila mashine inawasumbua, hata ile ya kuandikishia salfa iliwasoma baada ya kurudiarudia. Kwa hiyo karani aliposema husomeki, hakuna aliyeuliza kwa nini. Walinyanyuka wakaenda kunawa.

Mama yangu alikuwa miongoni mwao, khanga kiunoni, anasubiri zamu ya limau. Aliponiona akatabasamu, akawaambia wenzake kwa Kimakonde, binti yangu huyo, ndiye mwenye mashine, tulieni sasa. Nikamwamkia. Nikawaamkia wote, shikamoo moja moja, na kila aliyeitikia marahaba nilitamani ardhi inimeze.

Nikaenda nyuma ya ghala, nikampigia bosi. Nikamwambia tumefuta watu, wazee wote, ile alama niliyoitumia ni tarehe yao. Nikamwambia nakala ya kabla ya kufuta ipo, mfumo unajinakili kila alfajiri, tuwarudishe leo leo.

Nilisikia anatafuna.

"Kurudisha nakala ni lazima tuwaandikie waliotupa kazi, tueleze sababu," akasema. "Tutaeleza nini? Kwamba tulipima kwenye mfumo wa kweli? Unataka tufungiwe?" Kisha akauliza wazee wenyewe wanasemaje. Nami, mjinga wa mwisho, nikamwambia wanadhani ni vidole.

"Ehee! Si umeona? Andika vidole. Alama za wazee hazisomeki, tutakwenda kuwachukulia upya baada ya wiki tatu. Wenyewe wameshakubali, wewe unahangaika nini?"

Alifurahi, jamani. Nilisikia furaha kwenye simu, ya mtu aliyeokota kitu njiani. Wazee walikuwa wamemletea uongo uliokwisha kuoshwa kwa limau, na yeye akaupokea kwa mikono miwili. Nikakata simu bila kumuaga.

Na bado nikaandika. Hapo ndipo penyewe. Nilikaa kwenye baraza ya ghala, kompyuta mapajani, nikaandika taarifa ya mistari sita kwamba alama za vidole za baadhi ya wakulima wazee hazisomeki kutokana na hali ya ngozi. Hali ya ngozi! Nikaweka jina langu chini, nikatuma. Kisha nikasimama, nikawatangazia kwamba watachukuliwa alama upya baada ya wiki tatu. Hawakupiga kelele. Mzee mmoja akauliza, na maua? Nikasema tutajitahidi. Wakajifuta mikono kwenye nguo zao, wakaondoka.

Nililala kwa mama. Mchana ule alinionyesha mikorosho, maua yamefunguka, meupe na mistari ya pinki, na kwenye mti wa mpakani ukungu umeshaanza kuonekana kwenye vikonyo. Aliugusa kwa kucha. Akasema kama angepuliza wiki hii angeuwahi. Hakunilaumu, alisema tu, kama anavyosema mvua inakuja. Nilikula ugali wake wa muhogo na kisamvu nikiwa siwezi kumtazama usoni.

Asubuhi nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, ndoo mbele yake. Alikuwa ameshika jiwe la kusugulia visigino, anasugua nalo gumba la kulia. Maji ya ndoo yalikuwa yameshakuwa mekundu kidogo.

"Mama, unafanya nini?"

"Natoa ngozi ya juu. Ya chini itakuwa na mistari." Akaendelea kusugua. "Nimekuaibisha, mwanangu. Watu wanasema mashine ya binti yake, na yeye mwenyewe haimsomi. Kazini kwako watakuonaje?"

Nilimpokonya lile jiwe. Nilimpokonya kwa nguvu, mpaka akashtuka, nikalitupa kwenye mihogo. Nikamwambia yote. Kwamba kidole chake hakina kosa, hakuna kidole chenye kosa. Kwamba nilizua watu wa uongo nikawapa tarehe yao ya kuzaliwa, kisha nikafuta, nikaona idadi imezidi, nikaenda kula. Kwamba jana niliandika ni ngozi. Nililia, lakini kulia kwangu kulinitia kinyaa pia, kwa sababu nilijua nalia ili anihurumie.

Hakunihurumia. Alizungushia kidole upindo wa khanga, akakibana.

"Mlikuwa wangapi mnaojua?"

"Mimi na bosi."

"Na jana ulitutazama tunasugua."

"Ndiyo, mama."

"Kavae. Ukawaambie wao. Mimi nimeshasikia."

Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele, hakugeuka hata mara moja. Ghala lilikuwa limefunguliwa, na wazee kadhaa walikuwa wamerudi, wanajaribu tena, huenda leo vidole vikakubali. Nikamwomba karani anisaidie kuwanyamazisha watu. Nikasema. Sikusema vizuri, nilirudiarudia, lakini nilisema ni mimi, si mfumo. Wale vijana wa mifuko wakasimama kusikiliza. Nilipomaliza, yule mzee aliyeuliza maua alitoka mbele.

"Hebu nielewe. Ulikuwa unawafuta watu wasiokuwepo."

"Ndiyo, baba."

"Ukatufuta nao, na hukuona tofauti."

Akatema mate chini, karibu na kiatu changu, akaenda zake kukaa. Nilistahili, na hakuna aliyemwambia basi.

Karani hakupoteza muda. Akampigia mkubwa wake wa wilaya, akaweka sauti kubwa, akanisogezea simu mdomoni. Nikarudia yote, na nakala iko wapi, na nani wa kuifungua. Simu ya bosi ikaanza kuita mfukoni mwangu, ikaita, ikaita, nikaizima. Mkubwa akaamuru nakala irudishwe, na ilichukua muda mfupi kuliko wa kupika chai. Karani akaangalia kishikwambi akapaza sauti, wamerudi! Wote wamerudi. Jambo ambalo bosi alitaka lingoje wiki tatu lilimalizika kabla sijapata mahali pa kukaa.

Wazee wakapanga mstari. Yule wa mate aliweka kidole, taa ikawaka kijani mara ya kwanza. Akafuata mwingine, kijani. Mwingine akakataliwa, akajifuta, akarudia, kijani. Vidole vile vyote vilivyobabuliwa na korosho vilikuwa vinasomeka, jamani, vilikuwa vinasomeka tangu mwanzo. Watu wakaanza kuchangamka, mmoja akapiga kigelegele. Mifuko ikatoka.

Mama alikuwa wa tisa au wa kumi. Alifungua upindo wa khanga, akaweka gumba. Nyekundu. Karani akamwambia afute. Akafuta, akaacha alama ya damu kwenye kioo. Nyekundu. Karani akakipangusa kioo kwa kitambaa, akashika mkono wa mama, akakitazama kidole kwa karibu, miwani puani.

"Mama, hapa hakuna ngozi. Ni kidonda hiki. Mashine itasoma nini?"

Akaniangalia mimi. Kidole kingine hakikubaliki, kilichosajiliwa ni hicho, na kishikwambi cha mgao hakisajili upya. Mtu mwingine hawezi kumchukulia, hata mimi mwanawe. Nilijua hakuna njia, kwa sababu mwenye kuhakikisha hakuna njia nilikuwa mimi. Karani akasema kwa upole aje kikipona, wiki mbili, labda na siku kadhaa, mfuko wake utakuwepo. Hakuna aliyesema neno kuhusu maua. Pale kila mtu anajua maua yanachukua siku ngapi.

Mama alibaki amesimama mbele ya meza, kidole kimenyooka, damu inamchuruzika mpaka kwenye kiganja. Akanigeukia, kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani.

"Na hii," akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "hii sasa ni kidole, au bado ni wewe?"

Nikamwambia ni mimi, mama.